Amani na Bonde la Zigi: mwongozo kamili wa kutembelea msitu wa Usambara Mashariki bila kuuumiza

Ukienda Amani kutafuta simba utarudi umenuna. Hakuna simba, hakuna tembo, hakuna gari la kufungua paa ukasimama juu ya kiti. Kuna msitu mnene juu ya bonde la mto Zigi, wilayani Muheza mkoani Tanga, na wanyama wake wa kusifiwa ni wa ukubwa wa kiganja, wa kidole, wengine wa ukucha. Kuna vinyonga wenye pembe tatu, vyura wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai, na ndege wadogo ambao kuna watu wanavuka bahari ili wausikie mlio wao tu.

Kwa kuwa viumbe wenyewe ni wadogo, uharibifu wa mgeni nao hauonekani. Huku hakuna atakayemgonga twiga kwa gari. Kinachotokea ni kwamba mtu mmoja anamshika kinyonga apigwe picha, wenzake kumi na mmoja nao wanataka zamu, kisha wanamrudisha kwenye tawi lolote lililo karibu na kuondoka wakicheka. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hakuna atakayejua kama yule kinyonga aliiona asubuhi.

Mwongozo huu ni wa Mtanzania, au jirani wa Kenya anayevukia Horohoro, anayetaka kukaa siku mbili tatu kwa mfuko wa kawaida. Rai yangu ni moja na utaikuta katika kila hatua: Amani ni pa kwenda polepole na watu wachache. Mwenye haraka haoni kitu, na kwa kuwa haoni, ndiye anayekanyaga.

Kwanza ujue unaingia wapi

Usambara Mashariki ni kipande cha Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeinyeshea milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikatoweka. Kila mlima ulibaki na msitu wake peke yake, na viumbe wa kila msitu wakaenda njia yao. Ndiyo sababu unakuta kiumbe anaishi hapa, labda na mlima mmoja wa jirani, basi. Kwingine kote duniani hayupo.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa baiolojia na kilimo, wakapanda miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia. Bustani yao ya miti ipo hadi leo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapo hapo, maana malaria imechunguzwa Amani kwa miongo mingi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Ina takriban hekta 8,380 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ndani na kandokando yake kuna vijiji, mashamba ya chai ya Kwamkoro, Monga na Bulwa, na bustani za viungo. Kwa hiyo usitarajie pori tupu lisilo na watu. Utapishana na mama aliyebeba kuni, watoto wanaotoka shule, na trekta la majani ya chai.

Kati ya miti ya Wajerumani, ujue mmoja: Maesopsis eminii, ambao Uganda wanauita musizi. Ulipandwa Amani, ukawa na tunda ambalo hondohondo wanalipenda mno. Wakalila, wakaruka, wakaziangusha mbegu kila walikokwenda. Leo umejaa sehemu zote ambako msitu uliwahi kukatwa, ukizinyima nafasi mbegu za miti ya asili. Nimeutaja mapema kwa sababu unahusu viatu vyako. Tutafika.

Jambo la mwisho la kujua kabla ya safari ni maji. Mto Zigi unashuka hadi bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo bomba la jiji la Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, na kukusanya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na maji hayo yanaanzia chini ya miti hii. Ukifua nguo kwa sabuni ya unga mtoni huku juu, umetia mkono wako kwenye birika la chai la mtu wa Ngamiani, Tanga mjini.

Hatua ya 1: Chagua majira kulingana na unachotaka kuona

Masika, kati ya Machi na Mei, barabara ya kupanda mlima ni utelezi mtupu, na gari dogo linaweza kukwama saa nzima kwenye kona moja. Kama huna sababu maalumu, usiende. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukungu, hasa asubuhi. Mtu wa Dar anayedhani Tanga yote ni joto ataomba blanketi la pili. Desemba mwishoni hadi Februari pamekauka kidogo, njia ni nzuri, na picha zinatoka vizuri.

Mimi ningechagua vuli, Oktoba mwishoni au Novemba. Mvua zinakuja na kuondoka, barabara bado inapitika, na usiku baada ya manyunyu msitu mzima unaamka. Vyura wanaita, vinyonga wanaonekana. Ukienda kipindi cha kiangazi kikali utaona miti mizuri na utajiuliza wanyama wako wapi.

Epuka sikukuu kubwa. Wiki ya Krismasi na Pasaka makundi ni mengi, na ni juu yako kama unataka kuwa mtu wa arobaini kwenye njia moja.

Hatua ya 2: Usafiri, malipo na mwongozaji

Kutoka Dar unapanda basi la Tanga, unashuka Muheza. Anayetoka Mombasa anapitia Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga mjini, kisha anaendelea hadi Muheza, mwendo wa chini ya saa moja. Kutoka Muheza barabara ni ya vumbi, inapita tambarare ya michungwa na minazi, halafu inaingia bondeni na kufika lango la Zigi. Amani yenyewe iko juu zaidi, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, na kipande cha kutoka langoni kupanda ni kona juu ya kona.

Mabasi ya kupanda mlima ni machache. Kawaida yanaondoka Muheza mchana na kushuka alfajiri, kwa hiyo panga siku zako kwa kuyafuata. Bodaboda zipo, lakini kwa njia ile na mzigo mgongoni, mvua ikinyesha ni hatari tupu. Kama mko wanne au watano, kodisheni gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Toa fedha za matumizi Muheza, kwa sababu huko juu hutapata mashine ya benki, na mtandao wa simu unakuja na kupotea.

Kiingilio unalipia kwenye ofisi ya hifadhi. Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, wageni wa mbali wana chao, na viwango hubadilika, basi ulizia kabla hujatoka nyumbani. Utapewa kontro namba, unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Mtu akikuambia "nipe mimi nitakuwekea", mwambie kwa upole kwamba wewe unasubiri namba. Upole muhimu, kelele haina haja.

Kuhusu mwongozaji, wengi hujaribu kubana matumizi hapa. Njia zina alama, wanasema, tutatembea wenyewe. Mnaweza, lakini mtatembea saa nne na kuona majani. Mwongozaji wa Amani ni kijana au mzee aliyekulia pale, na jicho lake limezoea mambo ambayo la kwako halioni. Atasimama, ataonyesha kwa kidole tawi ambalo umelitazama tayari, na juu yake yupo mnyama. Zaidi ya hapo, posho yake ni sababu moja ya wazi kwa kijiji kuutaka msitu ubaki. Kubalianeni bei mwanzoni, ya mchana kivyake na ya usiku kivyake.

Nyumba za kulala wageni za hifadhi zipo Zigi na Amani. Zigi ni chini, kuna joto na mbu zaidi, na iko karibu na mto. Pale utaona pia nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ndogo ya enzi za Wajerumani, iliyofanywa kituo cha habari kwa wageni. Amani ni baridi na iko karibu na vinyonga wa juu. Mwenye siku mbili alale moja kila mahali. Piga simu mapema, na uliza kama chakula kitapikwa au mnakuja nacho.

Hatua ya 3: Fungasha

Viatu vilivyofunga vyenye soli ya meno, au gambuti kama ni msimu wa mvua. Soksi ndefu, ili uchomeke suruali ndani: siafu wa Usambara hawasubiri utambulisho. Koti la mvua, sweta, tochi ya kichwani na betri za ziada. Darubini kama unayo. Mbili kwa kundi zinatosha. Chupa ya maji ya kujaza tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa, na mmoja zaidi kwa ajili ya taka zako, ambazo zote zitashuka na wewe.

Nguo za rangi za udongo, majani au kijivu zinatosha. Acha manukato nyumbani. Acha spika nyumbani. Hili la spika nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu kuna watu wanaamini matembezi bila muziki ni msiba.

Dawa ya kufukuza mbu ibebe, ila ipake jioni ukiwa nyumba ya wageni, mikononi kidogo kabisa. Sababu iko kwenye hatua ya usiku.

Hatua ya 4: Safisha viatu kabla ya kuingia, na tena kabla ya kutoka

Watu wanaicheka hatua hii. Chukua mswaki wa zamani, geuza kiatu, toa udongo wote kwenye meno ya soli. Angalia kamba za viatu, mikunjo ya soksi, mifuko ya suruali na zipu ya begi. Utashangaa mbegu zilizojificha humo. Osha kwa maji, acha vikauke juani.

Udongo wa shamba lako la Kibaha au Kilifi una mbegu za magugu, na una vimelea. Amani tayari inapambana na mmea mmoja wa kichaka kutoka Amerika ya kitropiki, Clidemia hirta, wenye majani ya nywele na vitunda vya zambarau, uliojaa pembeni mwa njia. Na vyura duniani wameuawa kwa wingi na ugonjwa wa kuvu unaoenea kwa maji na matope. Hondohondo alieneza mti mmoja kwa sababu hakujua, lakini wewe unaweza kupiga mswaki.

Ukitoka, rudia. Usiuhamishe uchafu wa bonde hili kwenda mlima unaofuata kwenye ratiba yako.

Hatua ya 5: Matembezi ya mchana

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usizidi saa moja. Kufikia saa nne ndege wengi wamenyamaza na jua limeshaingia. Njia ya kilima cha Mbomole ni nzuri kwa kuanzia. Si ndefu, na juu ukungu ukifunguka unaona safu za vilima hadi tambarare. Njia ya Amani kushuka Zigi ni ya mwenye magoti mazima, lakini inakupitisha msitu wa juu hadi wa chini kwa siku moja, na unaona miti inavyobadilika.

Tembea kwenye njia, katikati yake, hata kama kuna tope. Kila anayekwepa tope anaipanua njia, na pembeni mwa njia ndiko vinyonga vidogo vya majani, vya urefu wa kidole, vinakotembea juu ya majani makavu. Hivyo huvioni mpaka kimoja kisogee. Kifutu wa msituni naye analala kwenye majani hayo hayo mchana kutwa bila kujisumbua. Usitie mkono au mguu mahali usipopaona, na usikalie gogo kabla ya kulitazama upande wa pili.

Simama mara kwa mara. Dakika kumi mahali pamoja, kimya, zinakupa zaidi ya kilomita mbili za mwendo. Utaanza kusikia kima wakiangusha matunda, mbawa za hondohondo zinazovuma juu ya miti, mbega weupe wakinguruma kwa mbali. Ukibahatika sange atapita njiani na kile kipua chake kirefu, akipekua majani kutafuta wadudu. Akikuona anaganda. Nawe ganda. Ukimfuata anakimbilia mbali na kiota chake, na kiota hicho ni rundo la majani ambalo mguu wako unaweza kulipasua bila wewe kujua.

Kima na nyani usiwape chakula, hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea mkono wa mgeni anageuka mwizi wa mahindi ya mwenyeji, na mwenyeji ndiye atakayempiga. Ukiwa na mafua, kaa mbali nao zaidi. Magonjwa ya kifua ya binadamu yanawaingia.

Ndege wana jambo lao. Siku hizi kila simu ina milio ya ndege, na kuna tabia ya kupiga mlio ili ndege atoke. Ndege wa kiume anaposikia mlio wa mwenzake anadhani amevamiwa, anaacha kulisha watoto, anakuja kupigana na simu yako. Mara moja huenda asidhurike. Lakini pale Amani yupo ndege mmoja mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba, Artisornis moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani tangu 1928. Anaishi Usambara Mashariki na mahali pengine pamoja tu, Njesi nchini Msumbiji. Kila mpenda ndege anayefika anamtaka huyo huyo, kwenye vichaka vile vile. Akiitwa na simu kumi kwa wiki, atalea saa ngapi? Zima simu. Mwongozaji anajua vichaka vyake. Subirini hapo kwa kimya, akija amekuja.

Kwenye miamba yenye kivuli na unyevu utaona majani ya mviringo yenye nywele laini na maua ya zambarau. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyakuta Usambara akayapeleka kwao, na leo vizazi vyake viko kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, chini ya jina la Saintpaulia. Huku porini yamebaki machache, kila kundi kwenye mwamba wake, yakitegemea kivuli cha mti mmoja au miwili. Usichume hata jani. Jani moja la Saintpaulia linaweza kuotesha mmea mzima, na ndiyo sababu hasa wachumaji hujipa moyo kwamba "ni jani tu".

Haja kubwa ikikubana njiani, ondoka hatua sabini kutoka mtoni, chimba shimo la kina cha kiganja, fukia. Karatasi unarudi nayo.

Hatua ya 6: Matembezi ya usiku, kwa wasiokuwa na haraka kabisa

Hii ndiyo Amani yenyewe. Toka saa mbili usiku, watu wasiozidi sita na mwongozaji mmoja. Tembea taratibu sana.

Kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi jembamba, mara nyingi usawa wa kifua hadi juu kidogo ya kichwa. Amechagua pale kwa sababu nyoka akipanda, tawi linatikisika naye anashtuka. Akilala rangi yake hupauka, kwa hiyo tochi ikimpitia anang'aa kama karatasi kati ya majani meusi. Ukishajua hilo unaanza kuwaona mwenyewe. Dume wa Trioceros deremensis, aliyepewa jina la Derema iliyo hapo jirani, ana pembe tatu mbele ya uso. Ukimwona amelala, mkia umejikunja mviringo kamili, jicho limefungwa ndani ya ile koni yake, utakaa kimya bila kuambiwa.

Sasa kanuni. Usiguse tawi. Usimshike. Ukimwona anageuka mweusi, anafungua mdomo au anajivimbisha, amekerwa, ondoka. Mwanga usizidi dakika mbili kwa mnyama mmoja, na usimwelekeze machoni. Funga kipande cha karatasi nyekundu ya plastiki, ile ya kufungia zawadi, juu ya tochi yako; mwanga mwekundu hauwasumbui sana, hasa komba, ambao macho yao makubwa huumizwa na tochi kali. Na tafadhali, kinyonga hana sumu. Wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa ana mkosi, na kuna wanaompiga kwa hofu hiyo. Mweleze mtoto uliyekuja naye pale pale, akiwa anamtazama.

Vyura wako chini, kwenye majani mapana na kandokando ya vijito. Ngozi ya chura inanywa maji na kupumua, na chochote kilicho mkononi mwako kinaingia mwilini mwake: mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu, chumvi ya jasho. Ndiyo maana nilisema mikononi paka kidogo. Kuna mmoja mdogo, Nectophrynoides tornieri, ambaye jike wake hatagi mayai majini. Anabeba watoto tumboni na kuzaa vyura kamili. Usimguse hata kwa huruma.

Katikati ya giza utasikia mlio unaoanza chini, wa kukwaruza, unapanda hatua kwa hatua hadi unakuwa ukelele. Huyo ni perere, mnyama wa saizi ya sungura anayekaa mtini. Ukisikia bundi, msikilize vizuri. Usambara ina bundi wake mkubwa ambaye wataalamu wangetoa mshahara wa mwezi kumsikia. Habari za uchuro ziache langoni.

Hatua ya 7: Picha, na unachoposti

Mweko wa kamera zima usiku. Simu za sasa zinapiga vizuri kwa tochi hafifu ya mwenzako aliyesimama pembeni. Usisogeze majani ili mnyama "aonekane vizuri": jani ulilovunja ndilo lililomficha.

Kabla ya kurusha picha mtandaoni zima kitufe cha kuonyesha mahali, na usiandike jina la njia wala kichaka. Vinyonga na vyura wa milima hii wana soko la magendo nje ya nchi, na wanaowatafuta wanasoma posti kama sisi. "Usambara Mashariki" inatosha. Droni usirushe bila kibali cha maandishi. Ni sheria, na mbega hukimbia kelele zake.

Watu wa kijijini waombe kabla hujawapiga picha. Akikataa, amekataa.

Hatua ya 8: Pesa yako ibaki bondeni

Mgeni njoo mwenyeji apone, na huku maneno hayo yana uzito. Msitu huu haukuhifadhiwa bure. Wakulima wa iliki wa Derema walilipwa fidia wakaachia mashamba yao yaliyokuwa chini ya miti, ili msitu uunganike na hifadhi, na si kila mtu aliridhika. Mzee akikusimulia, msikilize usimhubirie uhifadhi. Vijiji kama Kisiwani vilijifunza kufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, mapato hayo yakakatika ghafla. Ukikuta banda la vipepeo liko wazi, lipia uingie, uone kipepeo akitoka kwenye kifuko na kusubiri mabawa yakauke.

Nunua iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na asali kwa mkulima mwenyewe, si Muheza stendi. Usibishane juu ya shilingi mia tano. Kula kwa mama lishe wa pale. Ukimwagiza asubuhi utakuta wali wa moto jioni. Shikamoo kwa wakubwa, hodi kabla ya kuingia uani, na ukitaka kupita shambani kwa mtu kwa ajili ya ndege, omba.

Mtu akikuletea kinyonga kwenye kijiti ili umlipe upige picha, mara nyingi mtoto, usilipe. Najua inauma, kwa sababu mtoto ana shida ya kweli. Lakini ukilipa leo, kesho wataletwa watano. Mwambie akuonyeshe mti alikomtoa, amrudishe pale pale, halafu muulize majina ya miti kwa Kisambaa na umlipie daftari.

Hatua ya 9: Kama unaleta kundi

Shule, kwaya, vikundi vya ofisi: mnakaribishwa, ila mjigawe. Watu ishirini njia moja ni maandamano. Gawanyeni wanne wanne au sita sita, kila kundi na mwongozaji wake, mpishane kwa nusu saa au mchukue njia tofauti. Mwalimu awape wanafunzi kazi ndogo: kila mmoja achague mti mmoja, akae nao robo saa, achore anachokiona kikitembea juu yake. Nimeona watoto watundu wakinyamaza kabisa kwa kazi hiyo kuliko kwa vitisho. Wali na kuku mle nyumba ya wageni, msituni mbebe karanga na ndizi, na maganda yarudi.

Moto usiwashwe nje ya mahali palipotengwa. Kuni za msituni hamchumi.

Hatua ya 10: Mambo yakiharibika, na siku ya kushuka

Mkipotezana, anayepotea akae alipo apige filimbi. Kutembea gizani kutafuta njia ndiko kunakoangusha watu makorongoni. Akiumwa mtu na nyoka, msimchanje, msimfunge kamba, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, vueni pete na saa, mkimbizeni Muheza, Hospitali Teule. Homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, hasa ukilala Zigi, pima malaria, na mwambie daktari ulikokuwa.

Ukikuta msituni mtego wa waya, kisiki kibichi, mkaa au shimo la wachimba dhahabu, usiende kuwakabili wenyewe. Andika tarehe na jina la njia, piga picha kama ni salama, utoe taarifa ofisini kabla hujaondoka, maana ukishafika Dar utasahau. Basi la alfajiri linapita langoni. Mwambie dereva usiku kwamba utasimama dakika tano Zigi.